Uvimbe wa shingo: Jinsi viputo vya ultrasaundi vinavyosaidia kutambua saratani, na mipaka yake

UVIMBE mdogo unaojitokeza mbele ya shingo humtia mtu wasiwasi mkubwa, na swali la kwanza huwa moja tu: je, hii ni saratani?

Kwa wakazi wa Kisumu na kaunti nyingine zinazopakana na Ziwa Victoria, jibu la swali hilo lina uzito. Anayepuuza saratani huhatarisha uhai wake. Anayekatwa tezi isiyo na ubaya naye hubaki na kovu, gharama ya upasuaji, na pengine tembe za kumeza kila siku hadi mwisho wa maisha yake.

Katika miongo miwili iliyopita, wataalamu wa China, Ulaya na kwingineko wamekuwa wakitumia aina maalumu ya ultrasaundi katika kuchunguza uvimbe wa namna hiyo. Mgonjwa hudungwa viputo vidogo mno vya gesi katika mshipa wa damu, kisha mashine huonyesha jinsi damu inavyoingia na kutoka katika uvimbe.

Makala haya yanaeleza kipimo hicho ni nini, kinaweza kusema nini, hakiwezi kusema nini, na mahali pake katika safari ya mgonjwa wa kando ya ziwa.

Tezi na vinundu vyake

Tezi ya thairoidi hukaa sehemu ya mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake hufanana na kipepeo aliyetandaza mabawa, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa takriban gramu 20.

Tezi hii hutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, matumizi ya chakula mwilini, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Malighafi yake kuu ni madini ya iodini, ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza.

Tezi nzima inapovimba, hali hiyo huitwa rovu, au goita kama wengi wanavyosema. Sehemu moja ya tezi inapojitenga na kuwa donge, donge hilo huitwa kinundu. Rovu la muda mrefu aghalabu huwa na vinundu vingi ndani yake.

Vinundu si jambo la ajabu. Hata katika nchi ambazo watu wake hupata iodini ya kutosha, takriban wanawake 5 kati ya 100 na mwanamume 1 kati ya 100 huwa na kinundu kinachoweza kuguswa kwa mkono. Ultrasaundi hugundua vingi zaidi: katika tafiti mbalimbali, kati ya watu 19 na 68 kwa kila 100 walikutwa navyo bila ya wao kujua.

Idadi kubwa ya vinundu hivyo si saratani. Makadirio yanayotumiwa na madaktari wengi duniani ni kwamba vinundu 7 hadi 15 kati ya 100 vinavyochunguzwa ndivyo vyenye saratani, kutegemea umri, jinsia, historia ya familia na iwapo mtu aliwahi kupata mnururisho shingoni. Kazi ya daktari basi ni kuwatambua hao wachache bila ya kuwadhuru walio wengi.

Chumvi, samaki na rovu

Rovu lina historia ndefu nchini Kenya. Uchunguzi wa lishe uliofanywa katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba lilikuwa limeenea katika maeneo kadhaa, na mwaka wa 1978 serikali ikaifanya kuwa lazima chumvi ya mezani itiwe iodini. Utafiti wa kitaifa wa virutubishi wa mwaka wa 2011 ulikuta karibu kila familia ikitumia chumvi ya aina hiyo.

Hatua hiyo ilipunguza rovu kwa kiwango kikubwa, hasa miongoni mwa watoto. Hata hivyo, vinundu vilivyokwisha kuota katika shingo za watu waliokulia enzi ya uhaba haviyeyuki kwa chumvi. Ndiyo maana wanawake wa makamo na wazee wangali wakifika hospitalini na marovu ya miaka 20 au 30.

Kando ya ziwa kuna dhana inayohitaji kusahihishwa. Wengi husikia kwamba samaki wana iodini, wakadhani kwamba anayekula omena, ngege na mbuta kila wiki amekingwa. Samaki wenye iodini nyingi ni wale wa baharini, kwa sababu bahari ndiyo ghala la madini hayo. Samaki wa maji baridi, wakiwemo wa Ziwa Victoria, huwa nayo kidogo zaidi. Ni chakula bora kwa protini na kalisi, lakini hawachukui nafasi ya chumvi yenye iodini.

Aidha, mhogo usioandaliwa ipasavyo huwa na kemikali ambazo mwilini hugeuka kuwa vizuizi vya iodini kuingia katika tezi. Kuuloweka, kuukausha na kuupika vyema hupunguza sumu hiyo, na pale ambapo iodini ni ya kutosha, madhara yake kwa tezi huwa madogo.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 150 za iodini kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha.

Hatua za kwanza

Kabla ya kipimo chochote cha kisasa, daktari huanza kwa macho na mikono. Humpa mgonjwa maji anywe akiangalia shingo. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka mgonjwa anapomeza, kwa kuwa tezi imeshikamana na koo la pumzi.

Kisha hupimwa damu kuangalia homoni ya TSH, ambayo ubongo huitoa ili kuiamrisha tezi ifanye kazi. TSH ikiwa chini sana, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachomwaga homoni kupita kiasi, na kinundu cha namna hiyo ni nadra kuwa saratani.

Hatua inayofuata ni ultrasaundi ya kawaida. Hii haitumii mnururisho wala sindano. Mtaalamu hupaka jeli shingoni, hupitisha kichunguzi juu ya ngozi, na mashine huchora picha kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu.

Tangu mwaka wa 2017, wataalamu wengi duniani hufuata utaratibu wa alama uitwao TI-RADS, uliotolewa na chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani. Mambo matano hutazamwa: iwapo kinundu kimejaa maji au nyama, weusi wake katika picha, umbo lake, kingo zake, na iwapo kina vidoto vinavyong'aa.

Kinundu kilichojaa maji matupu hupata sifuri na kuwekwa daraja la TR1. Kinundu cha nyama, cheusi, chenye kingo zilizochongoka, chenye kina kinachozidi upana wake na chenye vidoto vidogo vya kalisi hupanda hadi TR5, daraja la shaka kubwa kabisa.

Daraja hilo na ukubwa wa kinundu ndivyo huamua kama sindano inahitajika. Kinundu cha TR5 hudungwa kikifika sentimita 1, cha TR4 kikifika sentimita 1.5, na cha TR3 kikifika sentimita 2.5. Vilivyo chini ya hapo hufuatiliwa au kuachwa.

Viputo hufanyaje kazi

Ugumu hutokea pale ultrasaundi ya kawaida inapoacha shaka. Hapo ndipo ultrasaundi ya viputo huingia.

Mwaka wa 1968, watafiti wawili nchini Marekani, Raymond Gramiak na Pravin Shah, walieleza kwamba kimiminika kilipodungwa karibu na moyo, picha ya ultrasaundi iling'aa ghafla. Ilibainika baadaye kwamba mng'ao huo ulitokana na viputo vidogo vya hewa. Gesi na damu hurudisha mwangwi kwa namna tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo siri ya kipimo hiki.

Viputo vinavyotumiwa leo hutengenezwa viwandani. Dawa moja inayotumika sana, SonoVue, iliidhinishwa barani Ulaya mwaka wa 2001. Kila kiputo ni tone la gesi ya salfa heksafloridi lililofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta. Wastani wa upana wake ni mikromita 2.5, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8.

Udogo huo unaviwezesha viputo kupita katika mishipa midogo kabisa pamoja na damu. Hata hivyo, haviwezi kupenya kuta za mishipa na kuingia katika nyama. Kwa hivyo, popote mashine inapoonyesha mng'ao, pana damu inayopita.

Mgonjwa hulazwa chali, shingo ikiwa imeinuliwa kidogo. Mrija mwembamba huwekwa katika mshipa wa mkono, kisha hudungwa dawa ya mililita 1.2 hadi 2.4 ikifuatwa na maji ya chumvi ya kuisukuma. Baada ya sekunde 10 hadi 20 hivi tezi huanza kung'aa, na mtaalamu hurekodi picha kwa dakika mbili au zaidi.

Mashine huwekwa katika nguvu ndogo, kwani mawimbi makali huvipasua viputo kabla ya kazi kwisha. Gesi hutoka mwilini kwa pumzi, na sehemu yake kubwa huwa imeondoka baada ya dakika 15 tu.

Dawa hii haina iodini na haipiti katika figo. Jambo hilo lina maana kwa mgonjwa wa thairoidi, kwa sababu dawa ya kung'arisha inayotumika katika skani ya CT huwa na iodini nyingi. Iodini hiyo yaweza kuchelewesha kwa wiki kadhaa tiba ya iodini yenye mnururisho, na kwa mwenye rovu la vinundu vingi yaweza kuisukuma tezi imwage homoni kupita kiasi.

Madhara makali ya viputo ni nadra. Katika uchunguzi wa tumbo yamekadiriwa kuwa chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Hata hivyo hayakosekani kabisa, na ndiyo maana kipimo hufanywa mahali penye dawa na watu wa kumhudumia anayepatwa na mzio wa ghafla. Mwenye ugonjwa mkali wa moyo au wa shinikizo la mishipa ya mapafu sharti amweleze daktari mapema.

Picha husomwaje

Wengi hudhani kwamba saratani, kwa kuwa hukua kwa kasi, lazima ing'ae kuliko sehemu nyingine. Katika thairoidi mambo mara nyingi huwa kinyume.

Tezi yenyewe ina damu nyingi mno. Saratani ya aina ya papilari, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani, mara kwa mara huwa na nyuzi za kovu na mishipa iliyopotoka ndani yake, hivyo damu huingia kwa shida na bila mpangilio. Kinundu kinachong'aa kidogo kuliko tezi inayokizunguka, na kwa mabaka mabaka, ndicho kinachotiliwa shaka.

Kinundu kinachozungukwa na pete nyembamba, laini na yenye kung'aa sawasawa, kwa kawaida huelekea kuwa kisicho na ubaya. Kile kisichong'aa hata kidogo aghalabu ni kifuko cha maji, damu iliyoganda au nyama iliyokufa.

Mara nyingine kinundu cha zamani kilichonywea huonekana cha kutisha katika ultrasaundi ya kawaida, kumbe ndani yake hamna damu wala uhai. Viputo vyaweza kulibaini hilo na kumwepusha mgonjwa na hofu isiyo na msingi.

Mipaka isiyofaa kufichwa

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Picha za vinundu vibaya na vyema huingiliana, na hakuna alama moja inayotosha kutoa hukumu.

Sindano moja ya viputo huonyesha vyema sehemu moja ya tezi kwa wakati mmoja. Kwa mgonjwa mwenye rovu la vinundu vinane au kumi, kama ilivyo kwa wengi waliokulia wakati wa uhaba wa iodini, haiwezekani kuvipima vyote kwa dozi moja.

Tatizo jingine ni saratani ya aina ya folikula, ambayo hupatikana kwa uwiano mkubwa zaidi katika maeneo yenye uhaba wa iodini. Hii hufanana sana na uvimbe mwema wa folikula. Tofauti yake huonekana pale tu mtaalamu wa patholojia anapokagua kwa hadubini kama imepenya ganda lake au mishipa ya damu, yaani baada ya kukatwa.

Kutokana na hali hiyo, mwongozo wa mashirikisho ya ultrasaundi ya Ulaya wa mwaka wa 2017 ulieleza kuwa matumizi ya viputo kutofautisha vinundu vya thairoidi yalikuwa bado uwanja wa utafiti, na haukuyapendekeza kama kipimo cha kila siku.

Mwongozo huo ulitambua manufaa yake katika kukagua tiba ya kuchoma kinundu kwa joto bila upasuaji. Sehemu iliyokufa haing'ai, na iliyosalia hai hujitokeza mara moja. Vilevile, katika kinundu chenye maji na nyama, viputo vyaweza kumwonyesha daktari sehemu hai ya kuelekeza sindano.

Sindano bado ndiyo hakimu

Kipimo kinachotegemewa zaidi kabla ya upasuaji kingali kile cha kufyonza chembe kwa sindano nyembamba. Sindano huongozwa na ultrasaundi hadi ndani ya kinundu, chembe chache hupakwa kwenye kioo, na mtaalamu huzikagua kwa hadubini. Shughuli yenyewe huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Matokeo huandikwa katika madaraja sita ya mfumo wa Bethesda. La kwanza lina maana kwamba chembe hazikutosha, la pili kwamba hakuna ubaya, na la sita kwamba ni saratani. Madaraja ya kati ndiyo yenye utata.

Jijini Kisumu, hospitali kuu ya umma ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi huiita 'Russia' kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa Oktoba 1969. Huko ndiko wagonjwa kutoka Siaya, Homa Bay, Migori na Busia huelekezwa hospitali za kaunti zinapokwama.

Kwa mkazi wa kisiwa cha Mfangano, safari hiyo huanza kwa boti hadi Mbita, kisha gari. Kila kipimo kinachorudiwa bila sababu ni nauli nyingine, siku nyingine ya biashara iliyopotea, na nafasi nyingine ya mgonjwa kukata tamaa na kutorudi. Ripoti ya ultrasaundi iliyoandikwa kikamilifu mara ya kwanza, ikitaja ukubwa na daraja la kila kinundu, ina faida kwake kuliko mashine ya bei ghali iliyo mbali.

Funzo kutoka Korea Kusini

Kuna hatari pia katika kupima kupita kiasi. Nchini Korea Kusini, mpango wa kitaifa wa kupima saratani ulipoanza mwaka wa 1999, hospitali nyingi ziliwauzia watu ultrasaundi ya shingo kama nyongeza. Kufikia mwaka wa 2011, saratani ya thairoidi ilikuwa ikigunduliwa mara 15 zaidi ya mwaka wa 1993.

Hata hivyo, idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Maelfu ya watu walikatwa tezi kwa ajili ya saratani ndogo ambazo huenda zisingewadhuru kamwe. Baadhi yao walibaki na sauti iliyokwaruza kwa kuguswa neva za nyuzi za sauti, na wengine na upungufu wa kalisi kwa kuondolewa tezi ndogo zilizo nyuma ya thairoidi.

Kwa hivyo, mtu asiye na dalili yoyote hahitaji kupimwa shingo kwa ultrasaundi, iwe ya kawaida au ya viputo.

Mgonjwa afanyeje

Zipo dalili zinazomtaka mtu amwone daktari bila kukawia. Miongoni mwake ni uvimbe mgumu unaokua kwa haraka, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza au kupumua kwa shida, matezi yaliyovimba kando ya shingo, uvimbe kwa mtoto, na historia ya saratani ya thairoidi katika familia.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali manne. TSH yake ni kiasi gani? Kinundu kina ukubwa gani na kiko daraja lipi? Je, kinahitaji sindano au kufuatiliwa tu? Na akikatwa tezi, atapata wapi tembe zake za kila siku? Ni vyema pia aulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Akishauriwa kufanyiwa ultrasaundi ya viputo, aulize jibu lake litabadilisha nini. Ikiwa sindano itahitajika vyovyote vile, kipimo hicho huenda kisimwongezee lolote. Ikiwa kitasaidia kuelekeza sindano, kuamua kama kinundu kilichonywea kiachwe, au kukagua tiba iliyokwisha kufanywa, basi kina kazi ya kufanya.

Picha na ripoti za zamani zisitupwe. Daktari wa mwaka kesho atahitaji kujua kinundu kilikuwa na ukubwa gani mwaka huu, kwani katika ugonjwa unaokwenda polepole kama huu, kulinganisha ya jana na ya leo mara nyingi hufichua mengi kuliko kipimo kimoja kilichofanywa peke yake.